Ubao Chini ya Jeki

Mutua mjukuu wangu,

Huku Kalamba tuko salama na maharagwe yameiva. Umeuliza ubebe nini kwenye hilo gari lako la spoti ukija nyumbani. Maji, tochi, spea na jeki unavijua. Mimi susu yako, niliyemzaa baba yako, nakuongezea ubao.

Baba yako Musyoka, akiwa bado ananyonya, alishikwa na homa kali. Jirani akatubeba na pikapu kwenda hospitali, tukapata pancha kwenye mchanga wa mto mkavu.

"Mama Musyoka, jeki inazama!"

"Basi ikalishe juu ya kitu. Si mimi nimekalia ubao huku nyuma?"

Tukauweka, gari likainuka. Daktari alinisifu kwa kuwahi. Mimi nikausifu ubao.

Buti ya gari lako ni ndogo, lakini ubao utaingia nyuma ya kiti. Ukate leo, kisha uje.

Susu yako