Gauni la Mgongo Mrefu

Mpenzi Mama Beni,

Usinicheke kwanza. Uliwahi kusema mwandiko wangu unafanana na njia ya kuku aliyekanyaga matope, na ni kweli, haujabadilika. Mimi ni mtu wa cherehani. Kalamu naishika kama sindano iliyopinda. Lakini tangu Jumamosi nina neno kooni, na humu nyumbani hakuna wa kumwambia likaeleweka isipokuwa wewe.

Huku hatujambo. Maji yameanza kupungua mbugani, mpunga wetu wa Lipangalala umebeba vizuri na ndege wameshaanza uchokozi wao. Beni amerefuka, sasa ni binti mkubwa. Mimi nimenenepa. Nguo za watu nazimaliza kwa wakati, zangu mwenyewe nazitanua kiunoni kila Pasaka, kwa kificho, kama mwizi.

Jumamosi Beni alikuwa anatafuta nguo ya kuvaa kanisani. Akafungua sanduku lako bila kuniuliza (hilo amerithi kwako) akatoka amevaa lile gauni la buluu lenye maua meupe. Ndiyo, lile. Ulipoamuru magauni yako yote ya zamani yafumuliwe, hilo moja nililificha. Mbele lilikuwa limempanda juu ya magoti, nyuma linafagia sakafu.

"Baba," akasema, "aliyeshona hili alikuwa amelewa?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sikuwa nimelewa. Nilikuwa natafuta mke."

Hakuelewa. Akataka nilikate nyuma lilingane na mbele, alivae kesho yake. Nikachukua mkasi, nikauweka chini. Nikauchukua tena, nikamwambia umekuwa butu, asubiri. Mama Beni, mkasi ule haujawahi kuwa mkali kama siku hiyo.

Unakumbuka tulivyoonana mara ya kwanza? Nilikuwa na cherehani yangu pale barazani kwenye duka la Mhindi. Ulikuja na kitambaa kwapani, mgeni kutoka upande wa Mahenge, umeinama kiasi kwamba kitu cha kwanza ulichokiona kwangu ni viatu. Ugonjwa wa mifupa ulikupata utotoni, ukapona, ukakuachia mgongo uliokunjika. Mafundi wote walikukatia magauni kama wanavyowakatia wengine, kwa hiyo nyuma yalikupanda na mbele yakaburura.

"Viatu vyako vibovu, fundi," ukasema, "lakini labda mikono ni mizima."

Nikakupima mbele. Kwenda nyuma nikasita, nikajifanya natafuta chaki.

"Pima mgongo," ukaniambia. "Usinipime huruma."

Nikapima. Kutoka shingoni mpaka kiunoni ulikuwa mrefu kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kumpima Ifakara, na mbele mfupi kama mtoto. Nikakata nyuma refu, mbele fupi. Ulipolivaa, pindo likakaa sawa pande zote. Ukajizungusha pale barazani, ukagusa pindo kwa vidole, ukasema, "Kumbe kosa lilikuwa la mafundi." Ndilo hilo gauni la buluu. Mpaka leo sijui ulinipenda mimi au ulipenda pindo.

Beni alipozaliwa, mgongo ukaanza kukunjika upya. Wewe hukusema, lakini futi yangu ilijua. Kila gauni jipya nililikata nyuma refu kidogo kuliko lililotangulia, na sote wawili tukajifanya kitambaa kimerudi kwa maji. Kisha ukawa huwezi kupanda ngazi za baraza bila kupumzika katikati. Miguu ikaanza kukufa ganzi. Na mtoto je? Wanawake wote wanainama, wanamtelezesha mtoto mgongoni, wanarusha kanga, wanafunga, wanakwenda zao. Wewe ulikuwa tayari umeinama, lakini Beni hakukaa. Aliporomoka upande kama mtu aliyekosa mahali pa kushika mlimani. Ukawa unambeba ubavuni na kuwatazama wenzako wanavyopita kwenda mtoni. Ulisema haikusumbui. Ulikuwa hujui kabisa kudanganya.

Ndipo tukaenda hospitali ya misheni kumwona yule daktari wa mifupa. Hakutupamba maneno.

"Nisipopasua, utazidi kukunjika, na kifua kitakosa nafasi," alisema. "Nikipasua, nitauzuia. Nitakunyoosha kiasi, si sana. Mahali nitakapounga mifupa hapatainama tena maisha yako yote. Na kuna hatari."

"Hatari gani?"

"Kwamba miguu haitakusimamisha tena."

Mimi nilishashika kofia yangu, tuondoke. Wewe ukauliza, "Nitambeba mtoto mgongoni?"

Daktari akamtazama sista, akidhani hakusikia vizuri Kiswahili chako. Ukarudia. Akafikiri.

"Akipandishwa na mtu mwingine, labda. Wewe hutaweza kuinama kumpandisha."

"Mtu mwingine yupo," ukasema, ukaninyooshea kidole bila hata kugeuka. "Huyu hapa. Kazi yake kukaa."

Wakakuvalisha kwanza plasta ya kukunyoosha polepole. Halafu ikaja siku yenyewe, ya kuchukua mfupa kwenye muundi wa mguu wako na kuupandikiza mgongoni. Nilijaribu kufanya kazi ili nisifikiri. Nikashona suruali ya katekista, na jioni nikagundua mguu mmoja nimeufunga kabisa juu, hauingiliki. Yule mzee aliishika, akaitazama, akaniombea palepale.

Ulipozinduka sista alifunua shuka miguuni. "Sogeza vidole." Hakuna kitu. "Sogeza, mama." Hakuna. Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda, nikaahidi Mbingu mambo mengi ambayo sijayatimiza. Kisha kidole gumba cha kushoto kikainuka kidogo, kama mtu anayeitikia hodi bila kutaka kufungua mlango. Ukaniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mbona unalia, wamekukata wewe?"

Katika wodi ya wanaume kulikuwa na kijana wa Masagati aliyepasuliwa msimu uleule na daktari yuleyule. Vidole vyake havikuinuka. Ndugu zake walikuja wakambeba kwa machela kumrudisha kwao. Watu siku hizi wananijia kutoka Mang'ula na kwingine, wana dada au mjomba mwenye kibiongo, wananiuliza: mgongo wa mkeo ulipona? Tumpeleke? Nawasimulia kidole chako, kisha nawasimulia na yule kijana. Wanaondoka. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Halafu kule kulala ndani ya plasta, na joto hili letu la bondeni! "Nimekuwa ubao," ulisema, "niite seremala anipige randa." Ulipowashwa nilikuletea spoku ya baiskeli nikakukuna nayo kwa ndani, mpaka sista akaninyang'anya na kunifokea kama mtoto wa shule. Wewe uligeuzia uso ukutani, plasta yote ikitikisika kwa kicheko.

Siku ya kutoka nilikuletea gauni jipya. Nilikuwa nimelishona kwa mapenzi yote, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukakata nyuma refu na mbele fupi kama ulivyozoea. Ulisimama nalo mlangoni pa wodi, umenyooka, pindo la nyuma likiburura.

"Baba Beni, hili umemshonea nani?"

"Wewe."

"Huyo hayupo."

Tulicheka sana. Baadaye nikasogea dirishani nikajifanya natunga uzi, maana macho yalikuwa yananisumbua. Nilikuwa na furaha, usinielewe vibaya. Lakini yule aliyekuja barazani akaviona viatu vyangu kabla ya uso wangu, sikuwa nimemuaga.

Mpaka daktari akuruhusu kubeba uzito, Beni alishakuwa anakimbia na kutumwa chumvi. Hukujali. Ulisimama kizingitini wima kama mlingoti, ukasema, "Haya, fundi, kazi yako." Mama yangu alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mtoto ana meno yote, anadai ugali kwa jina, anabebwa wa nini?"

"Nisamehe mama," ukamjibu, "zamu yangu imechelewa."

Nikamwinua Beni, nikambandika mgongoni kwako, nikazungusha kanga. Nilifunga kama mtu anayefunga gunia la mpunga, majirani wakatoka kutazama mwanaume anayebebesha mtoto. Na mama yangu, usiseme: alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Ukatembea mpaka sokoni na kurudi, miguu ya Beni ikining'inia karibu na magoti yako, polepole, kama aliyejitwika mtungi uliojaa. Hukununua kitu. Hukuwa na haja ya kitu.

Kwa hiyo ulipona? Kupalilia hukuweza tena. Kijiko kikidondoka kilikaa chini mpaka mmoja wetu arudi. Mafiga tuliyaacha, nikakujengea jiko la udongo la kufika kiunoni, likaegemea upande mmoja kama kazi zangu zote zisizo za nguo. Majirani walilicheka, kisha wakaja kuuliza nilivyolijenga. Miezi ya baridi mgongo ulikuuma, ukawa mkali kwa kila mtu, kuanzia mimi mpaka kuku. Lakini ngazi za baraza ulizipanda bila kusimama, ukaongea huku unazipanda, na mara nyingi ulikuwa unanigombeza. Nilikuwa naacha kushona nisikilize pumzi yako inavyotosha.

Homa ya masika ilipokuchukua, mgongo haukuhusika. Ulikuwa ndio kitu kizima kuliko vyote mwilini mwako. Msibani watu walisema: mama yule, alivyokuwa amenyooka! Nikaitikia. Hakuna aliyemtaja yule mwingine, na mimi nilikuwa nawalilia wote wawili.

Jumapili asubuhi nikalitandaza lile gauni mezani. Nilijua ungesema nini: kata, Baba Beni, mtoto achelewe misa kwa ajili ya kitambaa? Nikakata. Nikalipinda pindo, nikamsimamisha Beni mbele yangu kulipima, pini zangu mdomoni. Likakaa sawa pande zote.

"Unajua kwa nini nyuma lilikuwa refu?" nikamuuliza. "Mgongo wa mama yako ulikuwa umeinama."

Akacheka. "Mama? Baba, acha. Mama alikuwa mrefu."

"Nani kakwambia?"

"Nakumbuka mwenyewe. Nilikuwa mgongoni kwake, tunakwenda sokoni. Nikaona mapaa yote. Nikaona mpaka milimani."

Mama Beni, mimi nimekupima miaka yote ile. Urefu wako naujua mpaka ukucha. Hata baada ya kunyooshwa ulinifika begani, na mimi mwenyewe, kama ulivyopenda kuwaambia wageni, si mtu wa kuchumia embe. Nikatoa pini mdomoni nimsahihishe. Alikuwa amesimama wima, anasubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mrefu."

Kipande kidogo cha nilichokata ninacho hapa, chembamba, chenye maua machache meupe. Nimekifunga kwenye gurudumu la cherehani. Nikishona, kinazunguka.

Sasa cheka.

Mtu wako wa kupandisha mtoto,
Baba Beni