Kesi Iliyokwisha Mlangoni

2 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko chuoni? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua, na mabenchi ya mahakama hayasaidii. Kaka yako bado yuko rumande kwa ile simu ya wizi aliyoletewa kutengeneza. Kila tukienda mashahidi hawapo, hakimu anaahirisha, tunarudi. Hebu niambie wewe unayeandika kitabu kuhusu mahakama: katiba si inasema kesi zisicheleweshwe? Au hiyo ni ya watu wengine?

Mama yako

20 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti. Vumilia kidogo, mahakama yenu ndiyo niliyoisifia kwenye sura ya tatu! Tangu mageuzi yaanze, hakuna kesi inayozidi miezi sita pale. Takwimu kanipa msajili mwenyewe. Profesa wangu anataka mahakama nyingine ziige. Ya kaka nayo itakwisha, utaona.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo, ila nina hasira.

Jana kesi ya kaka yako imekwisha. Ndiyo, imekwisha! Miezi sita ilikuwa inakaribia, mwendesha mashtaka akasimama akaiondoa. Hakimu akasema, "Uko huru." Nikapiga vigelegele, nikafokewa. Tukatoka tumeshikana mikono. Hatujamaliza ngazi, askari wale wale wakamkamata tena, kwa simu ile ile. Mchana kasomewa shitaka lile lile, kesi ikapewa namba mpya. Karani hata haya hana: "Mama, mbona wengi tunawafanyia hivi? Miezi sita ikipita tunagombezwa."

Kwa hiyo kwenye takwimu zako yeye keshamaliza, na mimi bado nampelekea sabuni na dawa ya meno! Aliniuliza, "Dada anajua?" Nikamwambia hujui. Nimemdanganya?

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Hukumdanganya. Sikujua, kwa sababu sikumuuliza hata mtu mmoja aliyekaa rumande, niliuliza ofisini tu. Sura ya tatu nimeiondoa kwa mchapishaji. Profesa kanuna, na anune hadi achoke. Mimi na wakili niliyesoma naye tunafungua shauri mahakama kuu, kwa katiba ile ile uliyoniuliza, na nakuja kusimama na kaka mahakamani.

Mpelekee kaka sabuni, na umwambie sasa najua.

Mwanao