Kiatu Kimoja cha Kwenda Puge

Jumapili, jioni

Nyayo bado zinaniwaka! Na rafiki zangu Rehema na Hadija tumezurura tangu asubuhi, stesheni hadi boma la Mjerumani. Pale ngazini nikavua viatu nipumzike, Hadija akavinyakua. Nikamfokea, naye akanijibu:

"Babu zako Wanyamwezi walikwenda pekupeku hadi Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani. Wewe kufika kwenu Gongoni tu kunakushinda?"

Yeye Mzaramo, mtani wangu. Ningemshtaki kwa nani? Nikarudi pekupeku mji mzima ukinicheka, Rehema kuliko wote. Mwishowe nikacheka mwenyewe.

Kesho naripoti Puge, kufundisha shule ya kijiji cha ujamaa. Simjui mtu huko. Naogopa, basi.

Mlangoni Hadija alinirudishia cha kulia tu.

"Cha kushoto utakifuata likizo."

Hicho kimoja nimekifunga sandukuni, juu ya nguo zote.