Uzi Tuliouita Ebenezeri

Bwana Mungu wetu atukuzwe, naye akulinde wewe mshauri mpendwa, pamoja na wote wausomao ukurasa huu.

Naomba msaada wako, kwa maana moyo wangu umelemewa. Mimi ni mwenyekiti wa kina mama wafumaji wa kanisa letu hapa Bondeni, tunaokutana kila Alhamisi kufuma sweta, na kwa miaka mingi tumejitungia maneno yetu wenyewe, ambapo kazi iliyoachwa katikati huitwa Lazaro, uzi ambao mtu ameuficha nyumbani mumewe asiuone ni ghala la Yusufu, na ule uzi wa rangi nyingine tunaoupitisha ndani ya vitanzi vya mstari mmoja, ili kazi ikifumuliwa isifumuke kupita hapo, ndio Ebenezeri, na desturi yetu ni kwamba mgeni haelezwi maneno haya mpaka amalize sweta yake ya kwanza, nami nilipoingia sikuelezwa. Mwaka huu alikuja Jepkemei, mjane kijana aliyehamia hapa kutoka Njoro, ambaye tangu amzike mumewe hakuwa akitoka nyumbani ila kwenda sokoni, akaanza kumfumia binti yake sweta ya shule, nikamwambia, "Kila mistari ishirini weka Ebenezeri," akaitikia, "Sawa, mama," nami nikamtazama machoni nikajua hakuelewa, nikanyamaza.

Alhamisi iliyopita aliona kosa karibu na pindo, akafumua ili alirekebishe, lakini hapakuwa na cha kuvizuia vitanzi, na kazi ya wiki sita ikawa rundo la uzi mapajani mwake. Wangui akapaza sauti, "Haya dada, Ebenezeri yako iko wapi?" Mwingine akadakia, "Hana! Huyo Lazaro ameshanuka!" Tukacheka, nami nikacheka. Jepkemei akasema polepole, "Si mngeniambia tu, kina mama," akaziweka sindano juu ya benchi, akaondoka. Simu zangu hapokei. Wenzangu wanasema atarudi mwenyewe, na kwamba tukianza kueleza kila neno hatutabaki na chochote kilicho chetu. Je, nimfuate au ningoje?

Mama Naftaly, Bondeni

Mama Naftaly,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale uliposema, "nikanyamaza."

Maneno yenu hayana dhambi. Wanaofanya kazi pamoja hutunga majina. Waashi wanayo, hata sisi wahubiri tunayo, na kicheko cha kina mama ni baraka katika nyumba ya Mungu. Lakini uzi ule ni kinga. Ulimwacha mjane bila kinga huku ukijua, kisha ukamcheka alipoumia. Unasema nawe hukuelezwa. Je, ulifurahi? Kama uliumia, kwa nini ukayahifadhi maumivu hayo miaka yote ili umpe mtoto wa mwenzako? Desturi haitakaswi na umri wake.

Usingoje. Si kazi ya aliyekosewa kutafuta njia ya kurudi. Nenda leo, peke yako. Usiende na kamati, wala usianze kwa maombi, maana wengi wetu hujificha nyuma ya maombi ili tusilitamke neno "nisamehe." Mwambie kwamba ulijua. Hilo litakuwa gumu, nalo ndilo analostahili kulisikia. Usimwombe arudi kikundini siku hiyo. Akikukaribisha, keti naye, mwanze sweta ya mtoto upya, na kila neno umweleze lifikapo. Asipokukaribisha, usinung'unike, rudi wiki ijayo.

Alhamisi, ungama mbele ya wenzako kabla hujamkemea Wangui, kisha mkubaliane kwamba mgeni ataelezwa yote siku ya kwanza. Mtabaki na maneno yenu yote, mama. Kitakachowapungukia ni mtu wa kumcheka.

Mungu, baba wa yatima na mtetezi wa wajane, akutangulie mlangoni kwa Jepkemei, akakupe kinywa cha unyenyekevu, na amani yake ikae nyumbani mwako na katika nyumba ya kila asomaye.

Mzee Kiprugut