Wale Wawili Mtoni

Mama yangu,

Leo asubuhi nimegeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, peke yangu. Ziwa limetulia, na milima ya Kongo haionekani kabisa, kana kwamba mtu ameifuta kwa kitambaa kibichi. Nimekaa kwenye kile kigoda chako chenye mguu uliopinda, nikasahau kwamba hupo. Nikawa naongea nawe kwa sauti. Jirani akapita akanikodolea macho, nikajifanya naimba.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi, Riziki yule mwalimu aliyetoka Uvira, Jumaine fundi cherehani, na wasichana wawili wa sokoni. Tulitaka kusoma vitabu vinavyotueleza sisi: wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume. Lakini tukae wapi? Sheria ya Burundi haitutaki, na mtaani jina letu ni tusi. Ndipo nikafikiria vichanja vyako. Hapa Rumonge nani atashangaa kuona watu wamekaa kando ya ndagala tangu asubuhi? Lazima mtu afukuze kunguru, ageuze, aangalie wingu. Tukakwambia ni klabu ya Kifaransa. Ukasema sawa, ila tuchunge wingu.

Jumaine alikivalisha kitabu chetu cha kwanza kitenge cha maua ili jalada lisionekane. Riziki akawa anasoma kwa Kifaransa, mimi natafsiri, kwa sababu Jumaine shule aliiacha mapema. Wewe ulikaa pembeni umetupa mgongo, ukitenga ndagala zilizovunjika. Ilikuwa hadithi ya wanawake wawili wauza vitambaa waliopendana, na ndugu zao wakataka kuwatenganisha. Wakapanga kuvuka mto mkubwa, waende mji ambao hakuna anayewajua.

Kwa ajili yako, mmoja wao nilimgeuza mwanaume. Nikamwita Selemani. Selemani aliishi vizuri tu, hadi siku ile walipofika ukingoni mwa mto. Nilinogewa, mama. Nikatafsiri kila kitu: Selemani akafungua kanga yake, akamfunika mwenzake mabegani, kisha akaketi ili mwenzake amfumue nywele. Jumaine akakohoa. Nikaona mikono yako imesimama.

"Selemani gani huyu anafunga kanga na anasuka nywele?"

Wewe hata hukugeuka.

"Mutoto wangu, mi sikusoma, lakini masikio iko. Huyo ni mwanamuke. Soma vile waliandika."

Tulikuwa tumekutazama wewe, wote watano, kwa hiyo hakuna aliyetazama wingu. Mvua ilishuka kutoka ziwani kama imetumwa. Tukakimbia na shitingi ya plastiki huku na huku, tukigongana, lakini nusu ya ndagala zilikuwa zimeshalowa. Mtu mwingine angetufukuza. Wewe ulituvuta wote chini ya ile plastiki ya bluu, ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Humo, mvua ikipiga juu ya vichwa vyetu, ulitusimulia kuhusu wale mama wawili wa Nyanza-Lac uliowajua ukiwa msichana. Walikamua mawese pamoja, wakaishi nyumba moja, wakalala kitanda kimoja, kila mmoja akimwita mwingine "mwenzangu" hadi uzeeni. Hakuna kitabu kinachowataja. Riziki akakuuliza kwa woga, "Na watu, mama, walikuwa wanauliza nini?"

"Waliuliza bei ya mawese."

Tulicheka sana, na Jumaine alilia kidogo, akasingizia moshi, wakati hakukuwa na moto. Halafu ukamtazama Riziki muda mrefu. "Na wewe, mwalimu, unakulaka? Umekonda sana. Kuja kesho, nitapika." Tangu siku hiyo sahani yake uliiweka kando ya yangu, na mimi binti yako sikukuuliza kitu. Nilitamani kuuliza kama umejua kuhusu sisi wawili. Nilikupenda kwa namna iliyokuwa inaniuma kifuani, nikaishia kukushukuru kwa chakula: murakoze, mama.

Ulipougua tulisimamisha klabu. Siku moja uliniita karibu, sauti yako ndogo sana.

"Wale wawili, walivuka?"

"Bado hatujafika hapo, mama."

"Kama wanakufa, uniongopee."

Wewe uliyenichapa kwa kila uongo wa utotoni! Nilikuahidi. Lakini uliondoka kabla hatujarudi kwenye kitabu, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukifungua. Riziki alikihifadhi chini ya nguo zake. Mimi niliogopa kuliko wote, kwa sababu kaka zake walikuwa wanamwita Uvira aolewe, nami nilikuwa nimeshaamini kwamba mwisho wa kitabu ndio utakaokuwa mwisho wetu. Ni ujinga, najua. Lakini ndivyo nilivyolala na ndivyo nilivyoamka.

Leo, ndagala zilipoanza kukauka upande wa juu, nilimwona Riziki anakuja kando ya maji, viatu mkononi, kitabu kwapani. Jumaine na wale wasichana walikuwa nyuma yake. Kigoda chako tulikiacha wazi. Riziki akasoma, mimi nikatafsiri neno kwa neno, na safari hii Jumaine tulimpa kazi ya kutazama wingu. Alipomaliza ukurasa wa mwisho, Riziki alifunga kitabu, akaniambia amewajibu kaka zake: haendi. Kisha akauliza leo tunapika nini.

Sahani yake ipo kando ya yangu, mama, pale pale ulipoiweka. Pumzika sasa. Kunguru nitawafukuza mimi.

Na wale wawili walivuka. Sikuongopei.

Mwanao,
na mkweo anakusalimu.