Mteja wa Pili

Kawempe, 8 Juni 2025

Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Mgongo wako unaendeleaje? Idi imepita salama, ila sahani yako ilibaki mezani tupu na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Bibi Habibah anakohoa kidogo, lakini funguo za duka hampi mtu.

Baba, Mwalimu Olanya ameniweka kwenye mdahalo wa shule. Mimi! Unajua hata nikiitwa jina darasani shingo inanitoka jasho. Natakiwa kutetea kwamba kati ya nchi na nchi maadili ni pambo tu, kinachotawala ni nguvu na maslahi. Wewe ni askari, unalinda mpaka wa nchi. Nisaidie hoja. Simu mmekatazwa, kwa hiyo barua nampa dereva wa lori lenu.

Mwanao, Umulkheir


Kambini, darajani, 21 Juni

Mwanangu Umu,

Waalaykum salaam. Mgongo unalalamika, mimi silalamiki. Ukisimama, usitazame watu. Tazama ukuta.

Mtu mmoja anaweza kujitoa mhanga, roho ni yake. Serikali haiwezi, maana roho inazobeba si zake. Na juu ya nchi hakuna kadhi wala polisi. Juzi wakimbizi walifika ng'ambo ya daraja letu, wengi wao akina mama. Amri ikaja: funga, huenda waasi wamejichanganya nao. Nikafunga. Walilia mchana kutwa. Sikufurahi, lakini huruma yangu ingeweza kuua vijana wangu thelathini. Waambie hivyo, utashinda.

Baba yako, Sajini Tajudin


Kawempe, 5 Julai

Baba,

Assalaam alaykum. Nakuuliza afya mapema, kwa sababu ukishasoma utakasirika.

Nilitazama ukuta. Nikasoma habari ya daraja, ukumbi ukapiga makofi. Zaid wa timu yetu akapiga kelele, "Umu, kumbe una meno!" Makofi yale yakanichoma. Nikakunja karatasi nikasema, "Hoja hii siitetei tena."

"Nyabo, keti! Unahama timu katikati ya mechi?" Mwalimu Olanya huyo, anayemwita kila msichana nyabo.

Sikuketi. Nikawaeleza habari za Bibi: akishauza mara ya kwanza asubuhi, mteja wa pili humwelekeza kwa Mama Nangila wa duka la mbele, kama naye hajauza bado. Washindani wale! Na vurugu zilipoingia sokoni, kadhi hayupo, polisi hayupo, nani alificha magunia yetu? Mama Nangila. Nikauliza, kama maadili ni pambo, mbona kila serikali ikifunga mlango hutafuta maneno mazuri ya kujieleza? Anayejieleza ameona haya.

Tulishindwa. Timu nzima hainisemeshi. Sijutii.

Hili ndilo naliogopa kuliko ukumbi: nakuheshimu, Baba, lakini wale akina mama ungewapekua mmoja mmoja. Ulikuwa na vijana thelathini. Hukujaribu.

Mwanao yuleyule, Umulkheir


Kawempe, 17 Agosti

Baba,

Assalaam alaykum. Wiki sita sasa. Lori limekuja mara mbili, dereva anatikisa kichwa tu. Bibi anasema nikuombe radhi. Nalia kila nikipiga pasi shati lako la Ijumaa, lakini radhi siombi. Naomba urudi mzima.

Umulkheir


Kambini, 30 Agosti

Umu,

Waalaykum salaam. Mwanzo hasira ilinizuia kujibu. Baadaye nikawa na kesi.

Walikuja wengine. Amri ileile. Nikamwambia mkubwa wangu, "Afande, sisi usalama wa leo tumeshaupata. Hawa ni mteja wa pili." Akaagiza nipimwe malaria. Tukawapekua mmoja mmoja, mimi na vijana wangu wote thelathini, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Tukapata visu viwili vya jikoni na mbuzi mmoja mkali sana.

Bado nasema vita huvijui. Siku moja ndani ya gunia la mihogo patakuwa na bomu, na lawama itakuwa yangu. Nililijua hilo, nikafungua.

Nimevuliwa utepe mmoja begani. Mwambie Bibi wewe mwenyewe, taratibu, asije akasikia sokoni. Mwalimu Olanya naye mwambie: pambo lilikuwa ule utepe.

Baba yako, Koplo Tajudin