Galaksi Waliyoiita Vumbi

Karatu, mwezi wa kumi na moja

Shemeji Bura,

Saita. Najua ungecheka ninavyoitamka salamu ya kwenu, Mchaga mimi, miaka kumi na mmoja tangu nimwoe dada yako na ulimi bado mgumu. Cheka tu. Leo nina habari yako, na nina hasira nawe pia, kwa hiyo nivumilie.

Mara ya mwisho tulizungumza ukiwa kitandani hospitalini, mwezi wa tatu. Pumzi ilikuwa inakutesa. Ukanishika mkono ukasema, "Shemeji, labda kweli lilikuwa vumbi." Kisha ukageukia ukutani. Siku mbili baadaye ukaondoka. Miezi minane nimetembea na maneno hayo kama msumari ndani ya kiatu.

Wewe, fundi baiskeli wa Rhotia, uliyeunda chombo cha kuigeuza kamera polepole ifuate nyota, kwa mbao mbili, bawaba ya mlango na bolti ya milimita sita! Ukamwamini yule mpiga picha wa hotelini, kule juu ya kreta, kwa sababu tu ana kamera ghali. Aliingia studio kwangu kuomba dawa ya kusafishia filamu, akaiona picha yetu, lile doa refu la kijivu katikati ya nyota tulilosema ni galaksi, mji wa nyota wa mbali, akacheka: "Galaksi? Hilo vumbi la Karatu, mzee! Shukuruni halikutoka jekundu kama udongo wenu." Kufika jioni soko zima linakuita Fundi Vumbi. Ulicheka nao. Lakini nilikuona ulivyoikunja ile picha ukaitia mfukoni.

Mimi hesabu ndizo ninazoziamini. Kosa letu lilikuwa moja tu, nalo tulilisahihisha. Kitabu alichotuachia yule padri Mzungu aliporudi kwao, pamoja na darubini yake, kilisema bawaba ielekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini, na mchoro ukaonyesha mbao zimenyanyuka juu. Tukanyanyua vile vile. Nyota zote zikatoka mistari, kama mvua. Ukanuna siku tatu, halafu ukaja mbio, baiskeli haijasimama sawasawa: "Aliyeandika kitabu anakaa kwao, kaskazini ya mbali! Hiyo nyota sisi hata hatuioni!" Tukailaza bawaba karibu sawa na ardhi, ikitazama kusini, upande huo tukaunyanyua milimita thelathini na tano tu kwenye msingi wa sentimita sitini. Hesabu zangu, mikono yako. Toka bawaba hadi bolti, milimita mia mbili ishirini na tisa, ili mzunguko mmoja uwe dakika moja. Nilikuambia tuweke mia mbili thelathini kamili, nani atajua? Ukasema, "Nyota itajua."

Basi sikia. Galaksi ile haipandi juu mapema usiku mpaka ufike mwezi wa kumi, nikangoja. Filamu nilikuwa nayo moja. Unajua tangu mpaka wa Kenya ufungwe zinavyotafutwa. Mwezi ulipokuwa gizani nikapeleka chombo chako Rhotia, uani kwa mama yako. Dada yako Martina ndiye aliyezungusha bolti: robo mzunguko kila sekunde kumi na tano, mara mia na sitini. Mimi jicho kwenye darubini iliyofungwa kando ya kamera, nikiichunga nyota moja isitoke pale nywele mbili zinapopishana ndani yake. Ni nywele zake zile ulizozing'oa bila kumwomba, na hajasahau. Dakika ya thelathini akauliza, "Kaka alikuwa anafanya hivi bila kulalamika?" Nikamwambia, "Alianza kulalamika dakika ya tano."

Safari hii kamera niliisogeza makusudi, ili doa likae pembeni ya filamu. Vumbi hukaa linapoangukia. Halifuatani na nyota. Nikasafisha filamu. Nikazibandika negativu mbili kwenye kioo cha dirisha, ya mwaka jana juu ya ya mwaka huu, nikaisogeza ile ya juu taratibu mpaka nyota zikakutana. Nikahesabu. Thelathini na saba juu ya thelathini na saba. Na doa juu ya doa, Bura. Urefu ule ule. Mlalo ule ule.

Nilikaa sakafuni. Martina akadhani nimepewa habari ya msiba mwingine.

Yule bwana wa hotelini nilimwita mwenyewe. Akaja, akatazama kwa kioo cha kukuzia, muda mrefu. Akauliza, "Mmetumia mtambo gani?" Nikamwambia: bawaba ya mlango. Hakucheka. Akaomba nakala. Nikamwambia asubiri, ya kwanza ina mwenyewe. Kesho Jumapili naipeleka kwa mama yako, ile ya mwaka jana. Nyuma nimeandika: "Imepigwa na Bura, fundi wa Rhotia, pamoja na shemeji yake." Jina lako mbele.

Hasira yangu nimeitafuta mwisho wake, nimeukuta. Siku ile sokoni walipokucheka, nilikuwa nimesimama pale pale na negativu mfukoni, nikanyamaza, nikiogopa wateja watanicheka na mimi. Ulimwamini mgeni kwa sababu mimi sikusema kitu. Nisamehe.

Masika yakiisha nitatafuta galaksi nyingine, hafifu kuliko hii, kwa chombo hiki hiki, bolti hiyo hiyo. Na wakicheka, safari hii nitasema, kwa sauti, nikiwa katikati ya soko. Pumzika, shemeji. Uliipata mara ya kwanza.

Shemeji yako,
Elia